Volti inayoyumba kwenye bodi za PoE za bei nafuu: kufuata kosa hadi kwenye chanzo

Bodi ndogo ya PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao) inayotakiwa kutoa 5 V au 12 V ikianza kuyumba, mkono wa fundi hukimbilia chipu ya kushushia volti. Mara nyingi chipu hiyo ndiyo mtuhumiwa wa mwisho. Kati ya kebo ya mtandao na tundu la kutolea umeme kuna hatua nne: daraja la daiodi linaloweka chanya na hasi mahali pake, saketi inayoitambulisha bodi kwa swichi ya mtandao, mosfeti (transista ya kuwasha na kuzima) inayofungulia umeme taratibu, kisha saketi ya kushusha volti yenyewe. Kosa likiwa kwenye hatua yoyote, mwishoni huonekana kwa sura ileile: volti imeshuka, au inakuja na kupotea. Kinacholitofautisha ni muda wake wa kujirudia na mzigo unaoliamsha. Kwa hiyo shika saa kabla ya kushika chuma cha kulehemu.

Hesabu mdundo wa kosa

Funga multimita kwenye tundu la kutokea, au LED yenye rezista ya 1 kΩ, kisha tazama. Volti ikipanda hadi kiwango chake, ikakaa kidogo, ikapotea, ikarudi baada ya sekunde moja hadi tatu hivi, na hali ikawa mbaya zaidi kifaa kinapokuwa hakina kazi, anayezima ni swichi ya mtandao, si bodi. Ikikatika na kurudi mara kadhaa ndani ya sekunde moja, na hilo likatokea mzigo unapokuwa mkubwa tu, bodi inajizima yenyewe: ama volti ya kuingia imeanguka chini ya kizingiti chake, ama imeona mkondo umezidi. Ikifanya kazi dakika kumi, ikazima, kisha ikarudi ikishapoa, hilo ni joto. Ikikaa palepale lakini chini, mfano 4.6 V badala ya 5.1 V, tafuta kwenye waya wa kutokea, kwenye rezista za mrejesho (zinazoiambia chipu volti ya kutokea imefika wapi), au kwenye hesabu ya wati. Na ikiwa juu ya kiwango chake, chomoa kifaa mara moja na usikirudishe hadi bodi ipimwe kwa mzigo wa rezista.

Wati zilizoandikwa na wati zilizopo

Maandishi ya "12 V 2 A" kwenye bodi ya bei nafuu yasikupeleke pabaya. Kiwango cha IEEE 802.3af cha mwaka 2003 kinautaka upande unaotoa umeme utoe hadi 15.4 W, na upande unaopokea umeahidiwa 12.95 W tu, kwa kuwa kinachobaki huliwa na kebo. Ukichukulia ufanisi wa bodi kuwa asilimia 85, kinachotoka ni 11 W hivi, yaani 0.9 A kwenye 12 V au 2.2 A kwenye 5 V. Ili itoe 24 W za kweli, bodi ingehitaji zaidi ya 28 W mlangoni. Hata 802.3at ya mwaka 2009 haifiki hapo, kwa maana inampa mpokeaji 25.5 W, ni 802.3bt ya mwaka 2018 ndiyo inayotosha.

Kamera inayozimika kila giza linapoingia ni mfano mzuri. Mchana inakula wati chache. Usiku taa zake za infraredi zinawaka, jumla inapita kiwango, bodi inakata. Hapo hakuna cha kutengeneza kwenye bodi. Pima mkondo wa kifaa kikiwa kwenye kazi yake nzito kabisa, zidisha kwa volti, gawa kwa 0.85. Jibu likipita 12.95 W na bodi yako ni ya af, badilisha bodi, na swichi pia kama nayo ni ya af.

Vya kuwa navyo mezani

Multimita ya kuaminika, pawa saplai ya mezani yenye kikomo cha mkondo inayofika 57 V (mbili za 30 V zikifuatanishwa zinatosha, mradi matokeo yao hayajaungwa na ardhi), na rezista za mzigo. Kwa bodi ya 5 V, rezista ya 10 Ω 10 W huvuta 0.5 A, na mbili sambamba huvuta 1 A. Kwa bodi ya 12 V, ya 22 Ω 10 W huvuta 0.55 A. Huwa moto kweli, kwa hiyo zilaze juu ya kigae au bati. Osiloskopu inasaidia sana. Mawimbi ya kilohezi mamia hayasomeki sawasawa kwa multimita iliyowekwa kwenye AC.

Kitu kingine kinachookoa muda mwingi ni injekta isiyojadiliana, ile inayotoa 48 V muda wote kwenye waya 4 na 5 (chanya) na 7 na 8 (hasi). Kosa likitoweka ukiitumia, basi liko kwenye kujitambulisha au kwenye mzigo mwepesi, na saketi ya kushusha volti haina hatia. Hakikisha ni ya 48 V: zipo za 24 V, na bodi ya af inaruhusiwa kukaa kimya hadi mlango wake ufikie 42 V. Na usiichomeke kwenye kifaa kingine chochote, maana yenyewe haiulizi kabla ya kutoa.

Kebo kwanza, ndipo bodi

Chomeka bodi kwa kebo fupi ya mita 1 au 2. Kosa likiondoka, tatizo ni njia. Nambari za af zenyewe zinaeleza: upande wa kutoa unaweza kuwa na 44 V tu, kebo inaruhusiwa kufika 20 Ω kwenda na kurudi, mkondo wa juu ni 0.35 A. Mara 20 Ω ni 7 V, inabaki 37 V, na hapo ndipo bodi inatakiwa bado ifanye kazi. Bodi nyingi za bei nafuu huanza kuyumba kabla ya hapo.

Ubaya zaidi ni kwamba saketi ya kushusha volti huvuta wati zilezile hata mlango ukishuka. Volti ikipungua, mkondo unaongezeka. Mkondo ukiongezeka, kebo inakula volti zaidi. Bodi inafika kwenye kizingiti chake cha kujizima, inaachia mzigo, volti ya kebo inapanda, bodi inawaka tena. Huo ndio mkato wa haraka haraka unaoonekana mzigo ukiwa mkubwa na kebo ikiwa ndefu.

Kupima kebo, unganisha waya 4, 5, 7 na 8 pamoja upande wa mbali, kisha upande wa karibu pima kati ya 4+5 na 7+8. Shaba halisi ya Cat5e yenye unene wa 24 AWG inatoa takriban 9.4 Ω kwa mita 100, kwa hiyo mita 30 ziwe karibu 2.8 Ω. Toa upinzani wa nyaya za multimita kwanza. Ukipata karibu 15 Ω kwa mita 100, umeshika kebo ya alumini iliyopakwa shaba, na kwa PoE ya mbali hiyo haifai hata ikipitisha data vizuri. Rudia kipimo kwa 1+2 na 3+6, kwa sababu swichi nyingi hupitisha umeme kwenye jozi hizo. Plagi iliyobanwa vibaya hujitokeza hapa: jozi moja inasoma juu kuliko mwenzake.

Kifaa kikivuta kidogo mno

Kosa hili husumbua kuliko yote, kwa kuwa bodi ni nzima na kifaa ni kizima. Upande unaotoa umeme lazima uone angalau 10 mA kwa milisekunde 75 ndani ya kila milisekunde 325. Ikipita milisekunde 300 hadi 400 bila kuuona mkondo huo, unaamua kifaa kimechomolewa na unakata. Kitambuzi kidogo kinacholala muda mwingi kinavuta chini ya hapo, na bodi za bei nafuu hazina saketi ya kuongeza mkondo huo.

Dawa ni rezista ya kudumu kwenye tundu la kutokea. Kwenye 57 V, 10 mA ni 0.57 W mlangoni. Kwa ufanisi wa asilimia 80 ni kama 0.46 W upande wa kutokea. Kwa 5 V weka 47 Ω (huvuta 106 mA, joto 0.53 W). Kwa 12 V weka 270 Ω (44 mA, 0.53 W). Chagua rezista ya 2 W ili isichome kasha, na iinue kidogo juu ya bodi. Utapoteza nusu wati muda wote, ila gharama hiyo ni ndogo kuliko kifaa kinachojiwasha upya usiku kucha.

Bodi isiyotambulika

Swichi ikikataa kabisa kutoa umeme, au ikitoa leo na kugoma kesho, pima saini ya bodi, yaani upinzani wa 25 kΩ ambao swichi huutafuta kabla ya kutoa umeme. Toa mzigo, lisha jozi za kuingia kwa pawa saplai: kwanza 5 V, andika mkondo, kisha 9 V, andika mkondo. Tofauti iwe karibu na mikroampea 160, kwa kuwa 4 V kugawa kwa 25 kΩ ni hizo. Kati ya 152 na 169 ni salama. Usijaribu kupima 25 kΩ moja kwa moja kwa multimita; daiodi za daraja zitakupa jibu la uongo. Rezista yenyewe kwenye bodi kwa kawaida ni ya 24.9 kΩ, ndogo, karibu na chipu, na ikipasuka saini inapotea.

Panda sasa hadi 18 V usome daraja la wati: chini ya 4 mA ni daraja 0, 26 hadi 30 mA ni daraja 3, 36 hadi 44 mA ni daraja 4. Bodi inayodai kuwa ya at na inasoma daraja 0 itapewa kikomo cha 15.4 W, na itakatwa ukiipa mzigo wa 20 W. Hapo swichi haina kosa.

Onyo moja linalohusiana na hili: usiongeze kapasita kubwa moja kwa moja baada ya daraja la daiodi ukidhani unatuliza volti. Wakati wa utambuzi bodi inatakiwa ionekane kuwa na 0.05 hadi 0.12 µF tu. Kapasita kubwa ikae baada ya mosfeti.

Sasa fungua bodi

Weka kikomo cha mkondo cha pawa saplai kwenye 100 mA, lisha 48 V bila mzigo, na panga mahali pa kuweka waya mweusi wa multimita. Kosa la kawaida ni kuuweka kwenye hasi ya kutokea huku ukipima upande wa kuingia. Kwenye bodi iliyotengwa kwa transfoma (upande wa kuingia na wa kutokea haviunganishwi kwa waya) nambari utakayoona haina maana. Hata kwenye bodi isiyotengwa, mosfeti ya kufungulia huwa kwenye mstari wa hasi, kwa hiyo kuna hasi mbili: ya daraja, na ya baada ya mosfeti. Bodi ikishawaka, ongeza kikomo hadi 0.4 A, weka mzigo kamili, upime kati ya hasi hizo mbili. Chini ya nusu volti ni sawa. Ukiona volti kadhaa, mosfeti inazuia mkondo na ndiyo inayopata moto, na volti ya kutokea inaanguka kwa sababu hiyo.

Kisha kapasita ya kuingia. Isome volti iliyoandikwa: mstari unaweza kufika 57 V, na bado utakuta bodi zenye kapasita ya 50 V. Ibadilishe kwa ya 100 V hata kama haijavimba. Ya 63 V ni nafasi finyu. Kiasi kiwe angalau 5 µF na kisizidi 180 µF. Mahali penye kapasita ya seramiki peke yake, kumbuka kwamba seramiki hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake ikiwa na volti kubwa juu yake, kwa hiyo 2.2 µF iliyoandikwa haibaki 2.2 µF kwenye 48 V.

Kapasita ya kutokea hupimwa haraka zaidi. Lehemu sambamba nayo ya 470 µF yenye upinzani mdogo wa ndani, ya 16 V kwa bodi ya 5 V au ya 25 V kwa bodi ya 12 V, nyaya zake zikiwa fupi. Volti ikitulia, ya zamani imechoka. Itoe uweke mpya. Usizidishe lakini. Ukiweka maelfu ya mikrofaradi, bodi itaona kuwasha kama mzigo wa kupita kiasi na kukata kila inapojaribu.

Kwenye osiloskopu, tumia waya wa ardhi mfupi kabisa na kikomo cha masafa cha 20 MHz. Mawimbi chini ya 50 mV kwenye 5 V ni mazuri, 100 mV yanavumilika kwa vifaa vingi. Zaidi ya hapo kapasita au koili haitoshi.

Rezista za mrejesho

Volti ya kutokea inaamuliwa na rezista mbili: Vref × (1 + R1/R2), ambapo Vref ni volti ya rejea ya chipu na R1 iko juu, kutoka kwenye chanya ya kutokea. Kwa chipu yenye Vref ya 1.25 V, 30 kΩ juu na 10 kΩ chini zinatoa 5 V. Kwenye bodi zilizotengwa kazi hiyo hufanywa na TL431, chipu ya volti ya rejea yenye 2.5 V hivi, pamoja na optokapla (inayopitisha ishara kwa mwanga), kwa hiyo rezista mbili zinazolingana zinatoa 5 V.

Rezista za asilimia 5 zikikutana vibaya, hiyo 5 V inaweza kuwa 4.64 V au 5.39 V bila chochote kuharibika. Kwa rezista za asilimia 1 inabaki kati ya 4.93 V na 5.08 V. Hakuna badiliko la bei ndogo lenye faida kubwa kama hili. Na ukikuta rezista ya kuzungusha ya kurekebishia volti, pima thamani iliyopo, itoe, weka rezista ya kudumu. Ikiwa iko upande wa juu wa mgawanyo na mguso wake ukaachia, chipu inaona sifuri kwenye mrejesho na inasukuma volti hadi juu kabisa. Hapo kifaa kilichochomekwa ndicho kinachoungua. Upande wa chini ukikatika hutokea kinyume: volti inaanguka hadi karibu na Vref.

Bodi nyingine zilizotengwa hazina optokapla kabisa. Zinakisia volti kupitia msokoto wa ziada wa transfoma. Hizo husoma juu bila mzigo na kushuka mzigo ukiongezeka. Ndivyo zilivyoundwa, na rezista ndogo ya mzigo wa kudumu hupunguza tofauti hiyo.

Chipu zisizofaa mahali pake

Soma namba ya chipu kwa kikuza. LM2596 ya kawaida ina mwisho wa 40 V. Ukiikuta nyuma ya mstari wa 48 V, kuharibika kwake ni suala la muda tu. LM2576HV inafika 60 V, ambayo iko karibu mno na 57 V kwa mahali ambapo plagi huchomekwa na kuchomolewa. XL7015 inafika 80 V, lakini mkondo wake ni 0.8 A. Kama mlangoni hakuna daiodi ya kinga, ongeza SMAJ58A kati ya chanya na hasi ya daraja. Ila inaanza kupitisha kwenye 64 V na inaweza kuruhusu hadi 93.6 V wakati wa mshtuko mkubwa, kwa hiyo haiokoi chipu ya 60 V.

Upande wa pili wa transfoma, angalia daiodi ya kutokea. Volti inayoirudi ni ya kutokea jumlisha ya kuingia iliyogawanywa kwa uwiano wa misokoto. Kwa 12 V na uwiano wa 2 kwa 1, 57 V mlangoni inaleta 40.5 V, na daiodi ya SS34 ni ya 40 V. Inavuja, inapata moto, mwishowe inakuwa shoti. Weka ya 100 V.

Joto na kutengwa

Bodi inayotoa 11 W inatupa karibu 2 W kama joto ndani ya kasha dogo la plastiki. Ipime ikiwa imefungwa, kwa nusu saa, na waya wa kupimia joto ukiwa umebandikwa kwenye chipu na kwenye daraja. Daraja la daiodi la 0.5 A kwenye mkondo wa 0.35 A linatoa takriban 0.6 W peke yake. Kulibadilisha kwa daiodi za Schottky (zinazopoteza volti kidogo) za 100 V kunapunguza joto na kurudisha karibu volti moja kwenye mstari.

Kwa kutengwa, chomoa kila kitu na upime kati ya hasi ya kuingia na hasi ya kutokea. Isipokuwa megaomu au wazi kabisa, bodi haijatengwa. Inaweza kutumika kwa kifaa kilichofungwa chote kwenye plastiki. Lakini ikilisha kifaa kilichounganishwa na kingine kwa USB, HDMI au waya wa ardhi, mkondo utapata njia ya pembeni ya kuikwepa mosfeti, na utaona utambuzi unaogoma, picha zenye mistari, na volti inayobadilika kila unapochomeka kitu. Hakuna rezista wala kapasita inayotibu hilo. Tafuta bodi yenye transfoma.

Ukimaliza kutengeneza, pima bodi kwenye 37 V, 48 V na 57 V, kila mara bila mzigo, nusu ya mzigo na mzigo kamili. Bodi ya 5 V ibaki kati ya 4.75 V na 5.25 V kwenye vipimo vyote tisa, ukipima mwisho wa waya unaoingia kwenye kifaa. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kwa mfano, hulalamika volti ikishuka chini ya 4.63 V, na waya mwembamba wa USB unaweza kula tofauti hiyo yote bodi ikiwa nzima. Bodi ikishindwa kwenye 37 V peke yake lakini kebo yako ni fupi na swichi inatoa 53 V, itumie hapo, uandike juu yake kwa kalamu isiyofutika: kebo fupi tu.